Mkwe Aliyechagua Chumba Namba Kumi na Nne

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, usihangaike, mambo yenyewe ni haya. Bernadina, ambaye pale Nkome kila mchuuzi wa dagaa anamwita Mama Elieth, alitumiwa gari hadi mlangoni. Mkwe wake mtarajiwa, mama yake Wilbard, mchumba wa binti yake Elieth, mwenye maduara matatu ya kuchimba dhahabu na karasha la kusagia mawe kule Rwamgasa, alitaka wafahamiane kabla ya harusi. Kwa kadiri Bernadina alivyojua, walikuwa hawajaonana hata siku moja. Mahari ilizungumzwa na wajomba na mshenga, na kwenye simu waliitana Mama Elieth na Mama Wilbard, basi.

Gari halikusimama Geita. Lilipitiliza hadi Kahama, likaingia Shinyanga mjini, likasimama mbele ya Hoteli ya Aleksandra, ile iliyojengwa na Mgiriki wa pamba enzi za mkoloni, ambayo wenyeji wanaiita Leksanda.

Bernadina alishuka taratibu, akilitambua lile jengo. Humo ndani alifanya kazi ya kutandika vitanda miaka ishirini na saba iliyopita. Na kuna jambo alilifanya humo ambalo hakuwahi kulitamka hata kwenye kitubio.

Mapokezi wakampa ufunguo wa shaba. Namba kumi na nne.

"Hakuna chumba kingine?" aliuliza.

"Vipo, mama. Ila mwenyeji wako amekichagua hiki mwenyewe."

Usiku ule Bernadina alilala kitini. Asubuhi ya Jumapili, mlango ukagongwa.

*

Alidhani ni Elieth, binti yake, aliyelala chumba cha jirani, amekuja kumwamsha kwa chai. Akafungua huku akifunga kilemba.

Hakuwa Elieth. Alikuwa mwanamke mrefu, kitenge cha bei, hereni za dhahabu, mkoba mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alisema yule mwanamke kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," Bernadina alijibu kwa mazoea.

"Hujanijua, Bena?"

 Nkome hakuna anayemwita Bena. Jina hilo alipewa humu humu hotelini, na mwenzake mmoja waliyekuwa wakishirikiana naye vyumba vya juu.

"Agnetha," alisema, na sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

"Agnetha ulimfunga. Mimi ni Mama Wilbard. Nipishe nipite."

Akaingia. Akapitisha kidole juu ya meza ya kioo, akakitazama kama msimamizi anayetafuta vumbi. Kisha akatazama kitanda. Shuka zilikuwa hazijaguswa.

"Hukulala? Nami nimekuchagulia chumba unachokifahamu vizuri kuliko nyumba yako."

"Ulijuaje kama ni mimi?"

"Wilbard alinionyesha picha ya mchumba wake kwenye simu. Pembeni yake umesimama wewe na beseni la dagaa. Nikaikuza ile sura mpaka ikajaa kioo. Miezi minane naishi na picha hiyo, Bena. Naitazama asubuhi, naitazama mchana."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilishasema. Nilisema polisi, nikasema mahakamani, nikamwambia na mama yangu mzazi. Nani alinisikia?"

Bernadina akapiga magoti. Hakupanga, magoti yenyewe yalikwenda chini.

"Inuka," Agnetha alisema. "Sakafu hii umeshaipiga deki ya kutosha. Sikuja kuombwa msamaha, nimekuja kukupa kazi."

Akavuta kile kiti Bernadina alichokuwa amelalia, akakaa, akakunja nne.

"Saa saba tunakula chakula cha mchana. Tukimaliza, shemeji yangu Clemens, kaka wa marehemu mume wangu, atasimama aulize kama wazazi tumeridhika. Mimi nitasema nimeridhika. Wewe utasema hujaridhika. Utasema humtaki Wilbard. Sababu usitoe."

"Elieth atanichukia."

"Ndiyo maana nakutuma."

"Agnetha, mtoto hana kosa. Anampenda mwanao."

"Mama yangu alikufa akijua amezaa mwizi. Alikuwa akinitazama hivi." Agnetha alimkazia macho, hayakupepesa. "Nataka na wewe mwanao akutazame hivyo mpaka unaingia kaburini, na usiwe na la kumjibu."

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi. Yote, mezani, mbele yao. Harusi itakufa vilevile, na mwanao atajua aliyemzaa ni nani. Kwa hiyo chagua." Akasimama, akaweka mkoba begani. "Lakini nakujua. Wewe utanyamaza. Kunyamaza umekuzoea."

Mlangoni akageuka.

"Vaa vizuri. Hawa siku hizi wanawapiga wageni picha, wanazitundika ukutani."

*

Ukumbi wa chakula wa Leksanda haukuwa umebadilika sana. Feni zilezile za dari zenye mapanga marefu, sakafu ileile nyekundu iliyong'arishwa mpaka unajiona, wahudumu wenye makoti meupe na mikanda myekundu kiunoni. Zamani Bernadina hakuruhusiwa kukanyaga humu. Wa vyumbani walipita mlango wa nyuma.

Elieth alikuwa amesukwa, amependeza, anacheka na kila mtu. Ni muuguzi Geita, na wikiendi hii aliombea ruhusa mwezi mzima. Wilbard alimvutia mama mkwe kiti.

"Shikamoo, mama. Ulilala salama?"

"Marahaba, baba. Nililala."

Kijana mpole. Sura pana, kidevu chenye kishimo. Bernadina alikitazama kile kidevu akajikuta ameshusha macho haraka.

Mzee Clemens alikaa mwisho wa meza, katekista wa huko Bukombe, koti la suti na rozari kwenye mfuko wa kifuani. Akabariki chakula. Wakaletewa supu, halafu michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kwenye vibakuli vya fedha.

"Michembe!" Mzee Clemens akashangaa. "Hiki si chakula chetu cha shambani?"

"Siku hizi wanawauzia Wazungu, shemeji," Agnetha alisema. Kisha akamgeukia Bernadina akitabasamu. "Mama Elieth, uma unashikwa mkono wa kushoto. Usione haya. Hoteli kama hizi zina watu wake."

Elieth aliacha kucheka.

Mhudumu akaleta sahani kubwa. Sangara wa kukaangwa kwa siagi kwa Mzee Clemens, nyama laini kwa Wilbard, kuku kwa Elieth. Mbele ya Bernadina akaweka sahani yenye mfuniko. Akaufunua.

Dagaa. Wakavu, wa kukaanga, na kipande cha ndimu.

"Nimemwagizia mkwe wangu alichokizoea," Agnetha alisema kwa sauti ya kusikika meza ya pili. "Nisije nikamsumbua tumbo."

Pale meza ya pili mtu alicheka.

"Mama," Wilbard alisema taratibu, "hiyo si sawa."

"Nini si sawa? Dagaa si ndio waliomsomesha mchumba wako? Nawaheshimu dagaa."

"Mimi nitakula, baba, usijali," Bernadina alisema, na akala. Alitafuna mmoja mmoja. Walikuwa na mchanga. Alijua kabisa ni wa kuanikwa chini, wale yeye asiowanunua hata kwa bei ya chakula cha kuku.

Elieth aliinama sikioni mwake. "Mama, umemkosea nini huyu mwanamke? Amekutia kwenye jicho tangu tumekaa."

"Kula, mwanangu."

"Siwezi kula. Akisema tena neno moja, nasimama."

Na Agnetha akasema tena. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa glasi yake, akamwita mhudumu.

"Hii haikuoshwa vizuri. Zamani hapa watu walijua kazi. Walikuwa wanafuta mpaka vitu vya wageni vinapotea. Au siyo, Mama Elieth?"

Bernadina alisogeza pembeni sahani ya dagaa. 

Ilikuwa saa nane kasoro Mzee Clemens alipopangusa mdomo, akasimama.

"Wanangu," alisema, "mengine yote yamekwisha kusemwa na waliotumwa. Limebaki la wazazi. Mama Wilbard, umeridhika?"

"Nimeridhika, shemeji. Binti ni mzuri."

"Mama Elieth?"

 Elieth alikuwa tayari anatabasamu, ameshika mkono wa Wilbard juu ya meza, anasubiri neno moja tu, neno ambalo kila mama hulisema bila hata kufikiri.

Bernadina alilitafuta lile neno alilotumwa. Sijaridhika. Alilipata, likafika mpaka kwenye ulimi. Akamtazama mwanawe, likakwama hapo.

"Mama Elieth?" Mzee Clemens alirudia.

"Baba," Bernadina alisema, "kabla sijajibu, kuna kitu mnapaswa kukijua. Mimi nilifanya kazi hapa."

Kijiko cha Agnetha kiligonga sahani.

"Hapa wapi, mama?" Elieth akauliza.

"Hapa hapa. Nilikuwa natandika vitanda juu, kabla hujazaliwa. Mwaka tisini na nane alikuja mgeni mwanamke kutoka Nairobi, akalala namba kumi na nne. Alisahau bangili ya dhahabu juu ya sinki. Nikaivaa nione itanikaaje. Nikasikia hatua kwenye korido, nikaitia mfukoni."

"Mama Elieth umechoka na safari," Agnetha aliingilia. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila limeganda. "Shemeji, tuagize chai."

"Ilipotangazwa kwamba tutapekuliwa," Bernadina aliendelea, akijua akikatisha hataanza tena, "nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Aproni zilikuwa zimetundikwa. Nikaitumbukiza bangili kwenye aproni iliyokuwa jirani na yangu. Ya mwenzangu. Aliyekuwa akinigawia chakula chake nikiishiwa."

Elieth aliutoa mkono wake juu ya meza.

"Wakaikuta. Hata hapo ningeweza kusema. Sikusema. Meneja wa wakati huo, anaitwa Edward, akaniita ofisini, akaniambia nikamwambie hakimu kwamba nilimwona akiichukua. Hakunipiga, hakunitisha. Nilikwenda kwa miguu yangu. Nikashika Biblia, nikasema nilimwona kwa macho yangu. Alifungwa miaka mitatu."

"Mama, unasema nini?" Elieth alinong'ona. "Mama wewe?"

"Mimi, mwanangu."

"Wewe uliyenichapa kwa sababu ya peremende moja ya dukani?"

"Ndiyo."

Elieth alivuta kiti chake nyuma, kikakwaruza sakafu. Hakusimama. Alikaa mbali naye kadiri ya urefu wa mkono, akamtazama. Yalikuwa ni yale macho ambayo asubuhi Agnetha aliyaonyesha chumbani, yaleyale, sasa yamekaa kwenye uso wa mtoto wake.

"Huyo mwenzako yuko wapi?" Wilbard aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ngumu. "Uliwahi hata kumtafuta?"

"Sikumtafuta, baba. Yeye ndiye aliyenitafuta mimi." Bernadina aligeuka. "Ni mama yako."

Wilbard alimgeukia mama yake.

Bernadina alitegemea Agnetha asimame, amalizie, amtemee mate hata. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Lakini Agnetha alikuwa amepauka kama aliyetoka kwenye homa, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mwongo," Agnetha alisema. "Simjui mwanamke huyu. Amechanganyikiwa."

Hapo ndipo Bernadina alipoelewa. Vile vitisho vya asubuhi vilikuwa hewa tupu. Agnetha asingesema kitu. Hawakujua. Mwanawe hakujua, shemeji yake hakujua, ukoo mzima wa Bukombe haukujua kwamba aliwahi kufungwa.

Angenyamaza pale, pengine. Lakini alikuwa amebeba jambo hili miaka ishirini na saba na sasa lilikuwa linatoka lenyewe kama maji.

"Usimkatae, Agnetha. Aibu ni yangu, siyo yako. Baba Clemens, msimlaumu huyu kwa lolote. Mimi ndiye niliyemsimamisha kizimbani Juni ile, akiwa na mimba ya miezi minne, na bado nikasema..."

"Nyamaza!" Agnetha alipiga kelele. Wahudumu wote waligeuka. "Nyamaza, Bena!"

Kumbe anamjua.

Mzee Clemens alikuwa bado amesimama. Aliketi polepole, akaweka mikono yake juu ya kitambaa.

"Juni mwaka gani, mama?" aliuliza.

Bernadina alimtazama Agnetha. Alikuwa ameshalisema, hawezi kulirudisha. "Tisini na nane," alisema kwa sauti ndogo.

"Na alikuwa amefanya kazi hapa tangu lini?"

"Mzee, naomba tuishie..."

"Tangu lini?"

"Tangu tisini na sita. Tuliajiriwa pamoja."

Mzee Clemens alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha. Alimgeukia shemeji yake.

"Mama Wilbard. Mdogo wangu Nestory alikuleta nyumbani mwaka elfu mbili na moja, na mtoto anatembea. Alituambia mlikutana Rwamgasa, mkaishi wote huko tangu tisini na saba, na huyu kijana mkamzalia huko Novemba tisini na nane. Nilimbatiza mimi kwa maji ya dharura alipougua surua. Niliandika mimi kwenye daftari, baba yake Nestory. Leo naambiwa tisini na saba ulikuwa Shinyanga, na tisini na nane ulikuwa gerezani."

"Shemeji, Nestory alijua kila kitu. Alinipokea hivyo hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuseme hivyo."

Alitambua alichokisema kikiwa kimeshatoka. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Wilbard alikuwa amesimama. Kijana mrefu, uma bado mkononi, amesahau kuuweka.

"Baba alijua nini, mama?"

"Kaa chini, mwanangu."

"Baba alijua nini? Nimezaliwa gerezani?"

Agnetha aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, hereni zile za dhahabu zikitetemeka. Yule mwanamke wa asubuhi, aliyekunja nne akitoa amri, hakuwepo tena.

"Nestory ni baba yangu au si baba yangu?"

"Alikulea, Wilbard. Hakuna mwanaume aliyekupenda..."

"Sikuuliza kunilea!"

Elieth alisimama kumshika bega. Wilbard akautoa mkono wake, si kwa ukali, lakini akautoa. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Alizunguka meza, akapita nyuma ya baba yake mkubwa, akaja kusimama mbele ya Bernadina.

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Mliajiriwa pamoja, mlifanya kazi pamoja. Unamjua huyo aliyenizaa?"

Bernadina alimjua. Alikuwa akimwona muda wote wa chakula, katika sura ile pana na kile kidevu chenye kishimo. Edward, meneja. Mwanaume mwenye mke na watoto wanne, aliyefurahi mno siku ile bangili ilipookotwa kwenye aproni ya msichana aliyekuwa anaanza kumwambia tumbo linakua. Hakuhitaji hata kumtisha shahidi. Alihitaji tu mtu mwoga, akampata.

Na Edward hajafa. Bernadina alilijua hilo pia, kwa kuwa jana, pale mapokezi, alikuta picha yake ukutani, mzee wa mvi, na chini yake maandishi kwamba sasa ni mmoja wa wenye hoteli.

"Bena."

Ilikuwa sauti ya Agnetha, ndogo, ya enzi zile walipokuwa wakigawana sahani moja ya ugali jikoni.

"Bena, nakuomba. Yote uliyonifanyia nimekusamehe, hapa hapa, mbele ya watu. Waoane hata kesho. Ila hilo usiseme."

Bernadina alimtazama Elieth. Elieth alikuwa amegeuza uso, anatazama dirishani. Alimtazama Mzee Clemens, aliyekuwa ameitoa rozari mfukoni na kuizungushia vidoleni bila kuisali. Agnetha, aliyefungwa kwa maneno yake, leo anamwomba anyamaze. Na kijana huyu, aliyezaliwa nyuma ya kuta kwa sababu yake, amesimama mbele yake akihema.

"Mama," Wilbard alisema, "umeanza kusema ukweli leo. Malizia."